Filme za usalama zinazochorwa na kompyuta: zinatengenezwa namna gani, na tuzitazame namna gani?



Zamani somo la usalama lilikuwa bango ukutani na maneno ya kapita. Siku hizi, katika migodi mingi ya dunia, mfanyakazi anakalishwa mbele ya skrini na kuonyeshwa filme. Mara nyingi ndani ya filme hiyo hamna mtu wa kweli hata mmoja. Kamyo imechorwa, mwamba umechorwa, na yule mtu mwenye kaske naye amechorwa. Mchoraji ni kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema.

Mbele ya filme ya namna hii watu wanagawanyika. Wamoja wanacheka: "Hii ni katuni ya watoto." Wanasinzia mpaka taa iwashwe. Wengine wanaamini yote: "Kompyuta haikosei." Wote wawili wanajiweka katika hatari. Wa kwanza hapati somo ambalo pengine lingemwokoa. Wa pili anafikiri mahali pake pa kazi ni sawasawa na skrini, na siyo kweli.

Tueleze basi kazi hii inafanywa namna gani. Anayejua chakula kimepikwaje anajua pia cha kuuliza kabla ya kula.

KOMPYUTA HAINA MACHO

Kamera inapiga kitu kilicho mbele yake. Lazima kitu kiwepo, na lazima mwanga uwepo. Kompyuta inayochora haioni kitu chochote. Inapewa namba na maagizo, inapiga hesabu, halafu inatia rangi kwenye vidoa vidogo sana vya skrini. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina vidoa 1,920 kwa kwenda upande na 1,080 kwa kwenda chini. Ukizidisha, unapata zaidi ya vidoa milioni mbili. Kwa kila kidoa kompyuta inajibu swali moja: hapa iwe rangi gani?

Hiyo ni picha moja tu. Katika sinema zinapita picha 24 kwa kila sekunde, ndiyo maana jicho linaona mwendo. Filme ya dakika 10 inadai picha 14,400. Hakuna mchoraji wa mkono anayeweza kuchora zote hizo peke yake kwa muda mfupi, lakini mashini haichoki.

KAZI NNE ZA KUTENGENEZA FILME

Kazi ya kwanza ni kujenga umbo. Kila nukta ya kitu inapewa namba tatu: umbali wa kwenda kulia au kushoto, wa kwenda juu au chini, na wa kwenda mbele au nyuma. Wapimaji wa mgodi wanaijua kazi hii vizuri, maana nao wanaandika mahali pa kila nukta ya karieri kwa namba tatu. Nukta zikiunganishwa zinafanya pembetatu ndogondogo, na pembetatu nyingi zikishikana zinafanya uso wa kamyo, wa jiwe au wa mtu. Programu kama Surpac, Vulcan na Datamine, ambazo mainjinia wa migodi wanazitumia kuchora madini yaliyo chini ya ardhi, zinafuata njia hiyo hiyo.

Sehemu kubwa ya elimu hii ilikomaa katika Chuo Kikuu cha Utah, nchini Marekani, miaka ya 1960 na 1970. Utah ni nchi ya shaba kama Katanga. Karieri kubwa ya Bingham Canyon iko karibu na Salt Lake City, mji wenye chuo hicho. Kule, mwaka 1975, Martin Newell alihitaji kitu cha kujaribishia kazi yake. Akachukua vipimo vya birika la chai la nyumbani kwake na kuyaingiza katika kompyuta. Birika hilo limechorwa na wataalamu wa dunia nzima tangu wakati ule, na birika lenyewe limewekwa katika jumba la kumbukumbu la kompyuta kule California.

Kazi ya pili ni kutia rangi na mwanga. Pembetatu zikiachwa hivi hivi, uso wa kitu unaonekana kama jiwe lililochongwa vibaya. Mwaka 1971 Mfaransa Henri Gouraud, akiwa Utah, alionyesha hesabu ya kulainisha rangi kutoka pembe moja mpaka nyingine. Kwa majaribio alitumia uso wa mke wake, ambao juu yake alichora mistari ili aupime. Baadaye kidogo Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, alitoa hesabu ya ule mng'aro mweupe unaouona juu ya kaske mpya au chuma kilichopigwa polishi. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1975, na mwaka huo huo alifariki akiwa bado kijana. Mwaka 1980 Turner Whitted alieleza njia nyingine: kufuata mwanga kinyumenyume, kutoka kwenye jicho mpaka kwenye kitu, na kutoka kwenye kitu mpaka kwenye taa. Hivyo kioo kikapata kuonyesha sura, na kitu kikatupa kivuli pale kinapostahili.

Kazi ya tatu ni kutembeza. Mchoraji haandiki kila picha. Anasema: katika sekunde ya kwanza ndoo ya mashini iko chini, katika sekunde ya nne iko juu. Zile picha za katikati kompyuta inazijaza yenyewe kwa hesabu.

Kazi ya nne ni kutoa picha zilizokamilika. Hapa mashini ndiyo inayotoka jasho. Filme Toy Story ya mwaka 1995 ilikuwa filme ndefu ya kwanza iliyochorwa yote kwa kompyuta. Ilikuwa na picha zaidi ya 110,000, na zilitumika kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja mchana na usiku, kwani picha moja iliweza kula saa nyingi.

LUGHA ZA KUIAGIZA KOMPYUTA

Mfanyakazi mpya anaagizwa kwa lugha anayoielewa. Na kompyuta pia ina lugha zake. Tutoe mfano wa POV-Ray, programu ya bure iliyotokea mwaka 1991. Ndani yake mchoraji hashiki brashi. Anaandika maneno na namba, na maana yake kwa lugha yetu ni hivi: "Weka tufe. Katikati yake pawe hapa. Ukubwa wake uwe huu. Rangi yake iwe ya shaba. Weka taa, ikae pale juu. Weka kamera, ikae hapa, itazame kule." Kompyuta inasoma na kutekeleza, mstari kwa mstari.

Mwandishi akisahau taa, picha inatoka giza. Kompyuta haitamwambia: "Bwana, umesahau taa." Inafanya ulichoandika, siyo ulichokuwa nacho moyoni.

Kila kazi ina lugha yake. Mwaka 1988 kampuni Pixar ilitoa RenderMan, yenye lugha ya kueleza namna kila uso unavyopokea mwanga: mbao, chuma, ngozi, maji. Mwaka 1992 kampuni Silicon Graphics ilitoa OpenGL, iliyosaidia sana pale picha inapotakiwa kutoka upesi bila kungoja. Mfano wake ni vyumba vya kufundishia madereva, ambamo mtu anashika usukani wa uongo mbele ya barabara iliyochorwa. Akikata kona, barabara lazima igeuke papo hapo. Hapo akigonga ukuta hakuna anayekufa, na hiyo ndiyo faida. Na iko Python, lugha rahisi kusomeka, ambayo mchoraji anaitumia kuiambia programu irudie kazi moja mara elfu bila yeye kugusa kitu.

VUMBI LISILOONEKANA

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa mapafu yetu. Vumbi, moshi na moto havina uso imara wa kujengwa kwa pembetatu. William Reeves wa kampuni Lucasfilm alipata dawa yake katika filme Star Trek II ya mwaka 1982, kwa ajili ya ukuta wa moto unaoenea juu ya sayari nzima, na mwaka 1983 akaandika maelezo yake. Njia ni hii: tengeneza chembe nyingi sana, na kila moja ipewe mahali, mwendo, ukubwa, rangi na umri wake. Chembe inazaliwa, inasafiri, inazeeka, inakufa. Zikiwa elfu nyingi, jicho linaona moto au vumbi. Naye Ken Perlin, aliyefanya kazi katika filme Tron ya mwaka 1982, alitunga hesabu ya kuvuruga rangi ili mawe, mawingu na moshi visionekane safi kupita kiasi. Hesabu hiyo ilimpatia zawadi ya wakubwa wa sinema ya Marekani mwaka 1997.

Kwa hiyo, katika filme ya usalama, unaona vumbi jekundu likitoka kwenye mashini ya kutoboa mwamba, likipita puani, likishuka kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu. Ni somo zuri. Hakuna kamera ingeweza kukuonyesha safari hiyo.

Lakini angalia sana. Vumbi baya kuliko yote ni lile ambalo jicho halilioni. Milimita moja ukiigawanya mara 1,000 unapata mikrometa moja. Unywele wa mtu una unene wa mikrometa 50 mpaka 100 hivi. Vumbi linalofika chini kabisa kwenye mapafu ni la mikrometa chache tu. Likiwa na silika, ile ya mawe ya kwarzi, linaacha makovu katika mapafu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa, na mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Mchoraji amelipaka vumbi rangi nyekundu na kulikuza ili ulione. Ukitoka kwenye filme na kuingia kazini, usingoje kuona zile tufe nyekundu. Kuna watu wanaotazama hewa, wanaona ni safi, wanavua maski. Huyo amefahamu filme kinyume. Filme ilikuwa inamwambia: kipo usichokiona.

FILME ILIYOONYESHA NDANI YA MNARA

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kule Texas City, Marekani, watu 15 walikufa na 180 waliumia. Mnara mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 50 ulikuwa ukiwashwa upya. Kwa kawaida maji ya mafuta yanakaa chini, kama mita mbili hivi. Siku hiyo yalipanda karibu mpaka juu kabisa. Kipimo kilichokuwa mbele ya wafanyakazi kilionyesha chini ya mita tatu, tena kikawaambia yanashuka! Mafuta yakafurika, yakatoka kwenye bomba kubwa la kutolea, yakageuka wingu la mvuke, likawaka. Waliokufa walikuwa ndani au karibu ya vibanda vya kazi vilivyowekwa jirani mno na mtambo.

Ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikusanya vipimo, karatasi na maneno ya walioshuhudia, halafu ikatengeneza filme ya kuchorwa. Ndani yake unaona mnara umekatwa ubavu, mafuta yanapanda, na pembeni kipimo kinasema uongo. Walioifanya kazi ile siku ile hawakupata kuona jambo hilo. Sisi tunaliona kwa dakika chache. Ofisi hiyo imetengeneza filme nyingi za namna hiyo, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kulipa.

Na kuna picha za kompyuta zinazofanya kazi kabla ya ajali. Bingham Canyon, ile karieri ya shaba tuliyoitaja, iliwekewa rada zinazoutazama ukuta wa mwamba. Rada inapima, na kompyuta inachora ukuta huo kwa rangi: palipotulia rangi moja, panaposogea rangi nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 2013 vipimo vilionyesha mwamba unatembea polepole. Tarehe 10 Aprili 2013 watu walitolewa wote. Usiku huo mlima ulianguka, zaidi ya tani milioni 100. Mashini zilifukiwa, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeumia. Picha haikuzuia mwamba. Iliwaokoa watu kwa sababu ilijengwa juu ya vipimo vya kweli, na kwa sababu wakubwa na wafanyakazi walitii.

PALE FILME INAPOWEZA KUTUPOTEZA

Kompyuta inachora alichopewa. Kipimo kikiwa kibaya, picha itakuwa nzuri lakini mbaya. Tutazame mambo manne.

Ukubwa. Filme inaonyesha sehemu zinazozunguka kamyo kubwa ambazo dereva hawezi kuziona, na inazipaka rangi chini. Lakini kamyo ya filme pengine siyo kamyo ya kwenu. Ikiwa yenu ni ndefu zaidi, basi na hatari inafika mbali zaidi.

Muda. Katika filme mwamba unapasuka taratibu, ufa unakua, kipande kinaanguka. Imefanywa hivyo ili mtazamaji afahamu. Mwamba wa kweli hauna desturi ya kungoja mtazamaji. Mara nyingine hautoi dalili yoyote.

Usafi. Barabara ya filme ni kavu, taa zote zinawaka, watu wote wamepumzika. Kwetu kuna mvua ya Januari, matope, na mtu wa zamu ya usiku ambaye mtoto wake alilia mchana kutwa.

Picha zisizo na vipimo. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu nyingine ambazo unaziandikia maneno ya kawaida, nazo zinakutolea picha. Hazikujengwa kwa vipimo vya mahali fulani. Zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno, zinatunga picha inayofanana na kweli. Zinaweza kukuchorea mtu mwenye kaske akisimama mahali ambapo angekufa mara moja, na picha ikapendeza. Kwa kupamba, sawa. Kwa kufundisha usalama, lazima mtu anayeijua kazi aikague kwanza.

VIJANA WETU NYUMBANI

Kuna mzazi atakayeuliza: kazi hii ni ya Wazungu tu na ya wenye pesa? Hapana. Programu Blender ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal miaka ya 1990. Mwaka 2002 kampuni yake ilifungwa. Watu waliopenda programu hiyo, kutoka nchi nyingi, wakachanga euro 100,000 kwa wiki saba ili kuinunua na kuiacha huru. Tangu tarehe 13 Oktoba 2002 ni ya bure kwa kila mtu, na ndani yake mna kazi zote nne tulizozieleza, pamoja na lugha ya Python. Filme Flow, ya paka asiyesema neno, ilitengenezwa na kikundi kidogo cha Gints Zilbalodis wa Latvia kwa kutumia Blender. Mwezi Machi 2025 ilipata Oscar ya filme bora ya kuchorwa, mbele ya makampuni makubwa.

Kwa watoto kuna Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na wataalamu wa chuo MIT cha Marekani. Mtoto anapanga vipande vya maagizo kama matofali, na picha inatembea. Ni ya bure, na inapatikana pia kwa Kiswahili. Mtoto wa mfanyakazi anayejifunza hayo leo anaweza kesho kuchora filme ya usalama ya mgodi wetu wenyewe, yenye matope yetu na kamyo zetu.

TUKUMBUKE

1. Usisinzie mbele ya filme. Inaweza kukuonyesha hatari ambayo ukiiona kwa macho yako utakuwa umechelewa.

2. Uliza: vipimo hivi vimetoka wapi? Ni mashini yetu, au ni nyingine?

3. Ukiona filme haifanani na mahali pako pa kazi, mwambie kapita na watu wa usalama. Usinyamaze. Aliyechora hajawahi kushuka kwenye shimo lenu. Wewe unashuka kila siku.

4. Vumbi lisiloonekana lipo. Maski ivaliwe pale ilipoamriwa, hata hewa ikionekana safi. Maji ya kulowesha vumbi yasifungwe ili kazi iende haraka.

5. Ukirudi nyumbani, wasimulie wako yale uliyoyaona. Mke na watoto wanaojua sababu ya maski ndio watakaokukumbusha asubuhi kuibeba.

Kompyuta ina nguvu ya hesabu, lakini haina mapafu ya kuziba wala mguu wa kuvunjika. Sisi tunavyo. Kinga ni bora kuliko dawa.